Viungo vya Boga Visivyo na Boga

Ukipata nafasi ya kuingia duka linalouza bidhaa za Marekani, tafuta kikopo kidogo kilichoandikwa viungo vya boga, ukigeuze usome mgongoni. Utakuta mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu. Wengine huongeza zile tembe kavu za Jamaika zinazonukia karafuu na mdalasini kwa wakati mmoja. Boga hutalikuta. Halimo hata chembe.

Wala si utapeli. Bizari ya pilau nayo haina mchele ndani yake. Viungo hivi ni vya kutia kwenye boga, na Wamarekani wamelipika hivyo tangu zamani. Kitabu cha mapishi cha Amelia Simmons, kilichochapwa Hartford, Connecticut, mwaka 1796, kina boga lililopikwa kwa mayai, sukari, kungumanga, basibasi na tangawizi, likalazwa ndani ya unga uliokandwa na kuokwa. Ndiyo ile pai inayoliwa mpaka leo katika sikukuu yao ya Shukrani, mwezi wa Novemba. Mwaka 1934 kampuni ya McCormick ikaanza kuviuza viungo hivyo vikiwa vimeshachanganywa ndani ya kopo moja, mpishi asihangaike na makopo manne. Kisha mwaka 2003 Starbucks wakaitia ladha ile kwenye kahawa. Kahawa hiyo iliuzwa zaidi ya miaka kumi kabla boga lenyewe halijatiwa ndani, mwaka 2015. Muda wote huo watu walikuwa wanakunywa kumbukumbu ya boga.

Sasa ladha hiyo imehamia kwenye uji wa asubuhi, uji wa oti, na kwetu imeingia kwa njia ya simu na ya jamaa walioko ng'ambo. Shangazi yako aliyeko Minnesota anakutumia picha: bakuli, uji wa rangi ya machungwa, mdalasini juu. Anakwambia, mwanangu, hiki ndicho chakula cha afya. Huenda ni kweli. Inategemea kilichomo ndani ya bakuli, na hapo ndipo nataka tukae leo.

Maana zipo pakiti ndogo za oti zenye ladha, zile za kumiminia maji ya moto, ukakoroga ukala. Nyingi kati ya hizo hubeba gramu 8 hadi 12 za sukari kila moja. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4, basi piga hesabu: vijiko viwili mpaka vitatu kabla jua halijachomoza vizuri, na hujagusa chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya nishati anayoipata mtu kwa siku, na kama inawezekana zishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Pakiti moja inakula theluthi hadi karibu nusu ya hizo. Kwenye pakiti hizo boga mara nyingi limeachwa nje kwa sababu ni zito, lina maji na linaoza. Sukari imetiwa kwa sababu haina taabu hizo. Mimi nasema tuligeuze jambo hili: boga liingie, sukari ibaki kabatini. Na uji utakuwa mtamu, maana hao waliobuni viungo hivi walikuwa na akili.

Tuanze na nafaka yenyewe. Oti ni nafaka ya nchi za baridi na mvua. Punje yake ina mafuta mengi kuliko ngano, na ina kimeng'enya ambacho punje ikishavunjwa huanza kuyachachisha mafuta yale. Ndiyo maana viwandani huipitisha kwenye mvuke kwanza ili kimeng'enya kife, kisha huibana kati ya magurudumu mawili ya chuma mpaka inakuwa bapa. Hizo ndizo oti tunazozijua. Lakini mafuta yenyewe hubaki, na kwa sababu hiyo oti iliyokaa wazi miezi kwenye joto la Tanga au Lamu huwa na harufu ya mafuta ya zamani na uchungu nyuma ya ulimi. Iweke kwenye chombo chenye mfuniko wa kukaza, na usinunue mfuko mkubwa kuliko unavyokula.

Dukani ziko za namna tatu. Ziko zilizokatwakatwa kwa chuma, ngumu, zinazotaka nusu saa jikoni. Ziko bapa za kawaida, dakika tano mpaka kumi. Na ziko za papo kwa papo, zilizokatwa ndogo na kubanwa nyembamba, zinazoiva kwa maji ya moto tu. Zote ni nafaka nzima, hilo tusidanganyane. Tofauti ni kasi. Kadiri punje ilivyosagwa na kupikwa kabla, ndivyo tumbo linavyoivunja upesi na ndivyo sukari ya damu inavyopanda upesi. Mwenye kisukari achukue zile bapa au zile za kukatwa, aachane na za papo kwa papo. Mimi natumia bapa za kawaida kwa sababu gesi nayo ina bei.

Sifa ya oti iko kwenye utelezi wake. Ule mlenda unaouona uji ukipoa ni nyuzinyuzi ziitwazo beta-glukani. Zikifika tumboni zinakuwa kama ute mzito, zinachelewesha chakula kupita, na zinanasa asidi za nyongo. Ini linatengeneza nyongo kwa kutumia lehemu, yaani kolestroli. Nyongo ikitoka na choo, ini linalazimika kuchota lehemu nyingine kwenye damu. Hapo ndipo ile lehemu mbaya inaposhuka. Mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu watengenezaji waandike dai hilo kwenye maboksi yao, kwa sharti la gramu 3 za nyuzinyuzi hizo kwa siku. Gramu 3 ni nyingi kidogo kuliko watu wanavyodhani. Nusu kikombe cha oti kavu, gramu 40 hivi, kinakupa kama gramu 2 ukikadiria. Kwa hiyo bakuli dogo la asubuhi halikufikishi peke yake, na anayekula oti mara moja kwa wiki akasema amejitibu lehemu anajifurahisha tu.

Boga sasa. Hapa niruhusuni nitulie, maana hapa sisi ndio wenyeji.

Si kwamba lilianzia kwetu. Maboga yote asili yake ni bara la Amerika, na yalivuka bahari baada ya Wazungu kufika kule. Lakini yameshakaa Afrika Mashariki muda mrefu kiasi kwamba majani yake ni mboga, maua yake wako wanaoyala, mbegu zake zinakaangwa, na mpishi wa pwani asiyejua boga la nazi tunamtilia shaka. Na lile boga la njano-machungwa lenye nyama nzito tunalopikia nazi halina tofauti kubwa na lile wanalolitia kwenye makopo kule jimbo la Illinois, ambako maboga ya viwandani hulimwa kwa wingi. Boga la duara, jekundu-machungwa, lile la kuchongwa macho na meno mwezi wa Oktoba, hilo hulichonga tu; likipikwa ni maji na nyuzi. Kwa hiyo usiumie kwamba huna boga la Kimarekani. Unalo.

Sokoni, chagua boga zito kuliko umbo lake. Libonyeze ganda kwa ukucha: ukucha ukiingia, halijakomaa. Tazama kikonyo, kiwe kimekauka kama kijiti. Upande uliolalia ardhi uwe umegeuka manjano. Ikiwa wanauza vipande, kama wanavyouza katika masoko mengi siku hizi, tazama nyama: iwe imekolea rangi, isiwe inatoa maji. Tunalitaka boga kavu, lenye unga. Boga la maji litakuharibia uji na utalazimika kulisaidia kwa sukari, na sukari tumeshaipa likizo.

Rangi ile si ya kupendezea macho peke yake. Ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ya macho, ya ngozi na ya kinga. Boga ni zaidi ya asilimia 90 maji, na gramu 100 za boga bichi zina kalori 26 tu. Yaani unaongeza uzito na utamu wa bakuli bila kuongeza mzigo. Ila beta-karotini haifyonzwi vizuri bila mafuta. Boga lililochemshwa kwa maji matupu likaliwa na maji matupu linapita na sehemu kubwa ya mali yake. Bibi zetu waliolipika kwa nazi hawakuwa wanafuata maabara, lakini maabara imewakuta walipo.

Namna ya kulipika: usilichemshe kwa maji mengi. Likate vipande vikubwa na ganda lake, uliweke juu ya mvuke, au ulioke kwenye oveni kama unayo, au ulifunike kwenye sufuria nzito kwa maji kidogo sana mpaka liive lenyewe kwa maji yake. Mvuke huchukua kama dakika ishirini. Kwangua nyama, iponde kwa mwiko. Ukiona inachuruzika, iweke kwenye chujio la nazi ijichuje kidogo. Hii kazi ifanyeni jioni, wakati jiko linawaka kwa ajili ya chakula cha usiku. Asubuhi hakuna mtu mwenye muda wa kubishana na boga.

Nimefika kwenye viungo, na hapa kuna jambo ambalo wapishi wa kwenye simu hawalisemi.

Mdalasini uko wa aina mbili kubwa. Upo ule wa asili ya Sri Lanka, ambao ndio unaopandwa pia Zanzibar: ganda lake ni jembamba, limejikunja tabaka nyingi ndani kwa ndani, ukilibana kwa vidole linavunjika. Na upo mdalasini wa kasia, wa Uchina, Vietnam na Indonesia: ganda nene, gumu, limejikunja mkunjo mmoja, na ladha yake ni kali zaidi. Unga wa mdalasini unaouzwa Marekani mwingi ni kasia, na hata kwetu unga wa kwenye pakiti usiojulikana ulikotoka waweza kuwa huo huo. Tofauti si ya ladha tu. Kasia ina kumarini, kemikali ambayo ikizidi inaweza kulidhuru ini la baadhi ya watu. Taasisi ya Ujerumani inayopima hatari za vyakula imeshauri kwamba mtu mzima mwenye kilo 60 akila gramu 2 za kasia kila siku yuko salama, na mtoto wa kilo 15 asizidi nusu gramu. Nusu gramu, wasikilizaji, ni kidokozo. Kijiko cha chai cha unga wa mdalasini kina zaidi ya gramu 2. Mapishi mengi ya uji huu yanakwambia utie kijiko kizima. Kwa siku moja si neno. Kwa mtu aliyeambiwa mdalasini unashusha sukari, akaugeuza kuwa dawa ya kila asubuhi mwaka mzima, ni neno.

Na lipo la pili. Mwishoni mwa mwaka 2023, Marekani waliondoa sokoni vifuko vya tofaa lililopondwa kwa ajili ya watoto, baada ya watoto kukutwa na madini ya risasi kwenye damu. Risasi hiyo ilifuatiliwa mpaka kwenye unga wa mdalasini uliotiwa ndani. Unga ni rahisi kuchakachuliwa. Ganda si rahisi. Ushauri wangu, nunua mdalasini ukiwa vijiti, vile vyembamba vya kuvunjika, usage mwenyewe kidogo kidogo kwenye kinu au mashine ya kahawa. Harufu utakayoipata siku hiyo utajuta ulikuwa unanunua nini miaka yote.

Karafuu nayo, tuwe na kiasi. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni eujenoli, ileile inayotumiwa na madaktari wa meno kutia ganzi. Punje moja ya karafuu iliyosagwa inatosha mabakuli mawili. Ukizidisha, ulimi unakufa ganzi na uji unanuka kama chumba cha daktari. Zao hili lililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa kutoka visiwa vya Ufaransa vya Bahari ya Hindi, ambako nako lilikuwa limeletwa kutoka Maluku. Sultani Seyyid Said akalisambaza, na mashamba yake yalilimwa na watumwa. Hilo nalo limo katika harufu ya karafuu, tusilifiche. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, kikaisalimisha Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu. Basi mtu wa Wete au Mkoani anayesikia kwamba Wamarekani wana ladha yao ya msimu wa majani kupukutika, asishangae sana. Sehemu ya ladha hiyo ameianika kwenye jamvi mbele ya nyumba yake.

Kungumanga, ikune hapohapo, mara mbili tatu juu ya kikunio, basi. Ikiwa nyingi inalevya vibaya na kutapisha. Hadithi zinazosimuliwa Unguja kuhusu kungumanga na wanawake wa harusini nitaziacha, hiki ni kipindi cha asubuhi. Tangawizi, mimi naipenda mbichi, iliyokwanguliwa, kuliko ya unga. Na nitaongeza kiungo ambacho Wamarekani hawakukitia kwenye kopo lao: iliki. Boga na iliki vimejuana muda mrefu pwani hii, kwa nini tuvitenganishe kwa sababu kampuni ya McCormick haikufikiria?

Mapishi yenyewe sasa, ya watu wawili. Usiku, loweka kikombe kimoja cha oti bapa kwa maji kikombe kimoja. Kuloweka kunapunguza muda wa jiko, na kunalainisha uji. Asubuhi, weka sufuria kwenye moto mdogo, tia nusu kikombe cha tui jepesi, lile la kukamua mara ya pili. Likianza kupata moto, tia mdalasini robo kijiko cha chai, tangawizi iliyokwanguliwa nusu kijiko, iliki mbili zilizotwangwa, karafuu moja iliyosagwa. Acha vichemke na tui dakika moja. Watu wengi hutia viungo mwishoni, juu ya uji, kama mapambo. Viungo hivi harufu yao inakaa kwenye mafuta, vikutanisheni na mafuta kwanza. Ndivyo tunavyofanya na mchuzi, sijui kwa nini tukifika kwenye uji tunasahau.

Kisha tia boga lililopondwa, kikombe kimoja kizima. Mapishi ya ng'ambo yatakwambia vijiko viwili au vitatu. Vijiko viwili ni vya kupaka rangi. Koroga boga na viungo mpaka vishikane, na uliache likauke kidogo chini ya sufuria, utamu wake ukolee. Hapo ndipo utamu unapotengenezwa. Sasa mimina oti na maji yake ya kuloweka, ongeza maji kikombe kingine, na chumvi. Msiiogope chumvi, kidokozo kimoja tu. Waskoti, ambao oti ni chakula chao cha enzi na enzi, kijadi huupika uji wa oti kwa maji na chumvi bila kingine. Pale Carrbridge, kijiji cha kaskazini mwa Uskoti, tangu mwaka 1994 wanashindania ubingwa wa dunia wa kupika uji, na katika mashindano ya uji wa jadi viruhusiwavyo ni oti, maji na chumvi basi. Chumvi kidogo inauamsha utamu wa nafaka na wa boga. Bila chumvi mkono wako utakwenda wenyewe kwenye kopo la sukari.

Koroga dakika tano, moto mdogo. Kungumanga juu, ikiwa tayari umeepua. Kama ulimi wako bado unadai, katia tende tatu, zitie mapema pamoja na boga ziyeyuke. Tende nayo ina sukari, tena nyingi, lakini inakuja na nyuzinyuzi zake na haimwagiki kwa bahati mbaya kama sukari ya kopo. Asali ni sukari yenye jina zuri. Mwenye kisukari asidanganywe, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, kwa sababu ya vijidudu vinavyoweza kumsababishia sumu ya botulizimu.

Kuna mtu nyumbani hapo ameshanuna. Anasema, wewe mzee umesema oti inashusha lehemu, halafu unatia nazi ambayo inaipandisha. Umesikia vizuri. Mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa ni yale yanayoganda, na mafuta ya namna hiyo huipandisha lehemu mbaya. Ndiyo maana nimesema tui jepesi, tena nusu kikombe kwa watu wawili, na sikusema kasimile, lile tui zito la kwanza. Anayefuatiliwa lehemu hospitalini aiache nazi kabisa, apike kwa maji au maziwa yasiyo na mafuta, kisha ayapate mafuta ya kusaidia boga kutoka kwenye korosho zilizopondwa au mbegu za maboga. Kiganja kidogo kinatosha. Korosho za Mtwara zinaweza kufanya kazi ya nazi hapa bila kinyongo, na uji unakuwa na kitu cha kutafuna.

Tukubaliane pia kuhusu bei. Oti kwetu ni ya kutoka nje, na mfuko wake ni ghali kuliko unga wa ulezi. Sitaki mtu aache kulipa ada ya mtoto ili ale kama shangazi wa Minnesota. Boga na viungo hivi vinakwenda na ulezi, vinakwenda na mtama, vinakwenda hata na mchele uliopondwa. Ulezi unaishinda oti kwa mbali katika kalsiamu. Unachokikosa ni ule utelezi, zile beta-glukani. Ulezi hauna kazi hiyo kwa kiwango hicho. Kwa hiyo mwenye tatizo la lehemu ana sababu ya kutafuta oti. Mwenye afya yake, mwenye watoto wanaokua, anaweza kupika uji wa ulezi na boga na asikose usingizi. Hiyo ni rai yangu, na najua wapo wenye maduka ya vyakula vya afya ambao hawataipenda.

Suala la chai. Kwa wengi wetu uji si kifungua kinywa, ni kitangulizi cha chai. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na nafaka inazuia sehemu ya madini ya chuma yasifyonzwe. Mama mjamzito na msichana wa shule, hawa ndio wanaopungukiwa damu mara nyingi, wasubiri kama saa moja kati ya uji na chai. Kipande cha chungwa au embe pembeni kinasaidia, vitamini C yake inakivuta chuma kiingie.

Wagonjwa wa figo waliozuiwa potasiamu wamwulize daktari wao kuhusu boga kabla ya kulitia kikombe kizima, na wanaotumia dawa za kisukari wapime damu siku za mwanzo waone uji huu unawafanyaje, maana bakuli la mtu haliko sawa na la jirani yake.

Boga la kikombe kimoja ni kipande kidogo, na boga zima litabaki. Lililoiva likae kwenye friji siku tatu au nne, au ligandishwe kwa vipimo vya kikombe ndani ya mifuko. Asiye na friji anunue kipande cha siku moja, kilichobaki akipike cha nazi jioni. Na zile mbegu msitupe na maganda. Zioshwe, zikaushwe juani siku mbili, zikaangwe kavu kwenye chungu kwa chumvi mpaka zianze kulia, kisha zitwangwe nusunusu. Zina magnesiamu na zinki, na kesho asubuhi ndizo za kunyunyizia juu. Wiki ijayo, kwa wale walioomba, tutazungumzia mihogo na namna ya kuitoa sumu.